Habari za Mafundi wa Ujenzi wa Mji wa Kigali na Namna Walivyofunzana Kazi

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanadamu akili ya kufikiri na mikono ya kutendea. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye alibeba matofali kwa mikono yake ulipojengwa msikiti wa Madina. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu na wasomaji wote wa kijitabu hiki:

Desturi ya vitabu vya ukumbusho ni kuwataja masheikh waliosomesha, matajiri waliotoa mali, na viongozi waliosimamia mambo. Hiyo ni haki yao. Lakini wako watu wengine katika mji huu ambao kazi yao twaitazama kila siku, wala majina yao hayakuandikwa popote. Hao ni mafundi: waashi, maseremala, wapiga lipu na waezekaji. Twasali chini ya mapaa waliyoyapandisha, na twalala ndani ya kuta walizozisimamisha. Nimeona vyema, basi, kueleza kwa ufupi ufundi huo ulifikaje hapa, ulirithishwaje kutoka mkono hata mkono, na kwa nini leo urithi huo waweza kutupotea tusipouangalia.

Asili ya ufundi huu

Yatupasa kwanza kusema kwamba Rwanda haikuwa nchi isiyo na wajenzi kabla ya wageni kuja. Nyumba ya kale ilikuwa ya mviringo, imesukwa kwa fito na matete na kuezekwa nyasi, na usukaji wake ulikuwa kama usukaji wa kikapu. Nyumba ya mfalme kule Nyanza ilihitaji watu wenye ujuzi mkubwa, na ujuzi huo hawakuuokota njiani. Walifunzwa na waliowatangulia. Kwa hiyo desturi ya kijana kujifunza kazi kwa mzee ni desturi ya nchi hii yenyewe.

Huko pwani ya Afrika Mashariki nako palikuwa na ufundi wa namna nyingine, ufundi wa mawe na chokaa. Msikiti wa Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja una maandishi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi. Magofu ya Kilwa nayo yashuhudia kazi ya watu waliojua kuchonga mawe ya matumbawe, kuyachoma katika tanuri hata yakawa chokaa, na kujenga kwayo majumba na misikiti. Mafundi wale hawakutuachia kitabu kinachoeleza kazi yao. Elimu yao yote ilikaa katika macho na mikono, na mtoto aliipata kwa kusimama karibu na baba yake. Kisha misafara ya biashara ikafungua njia ya bara mpaka Tabora na Ujiji, na neno “fundi” likasafiri pamoja na watu.

Mwaka 1907 Dakta Richard Kandt, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, alichagua Kigali pawe makao yake. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara kutoka Tanganyika na pwani, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, na baadhi ya Waarabu na Wahindi. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah, nao wahesabiwa kuwa msikiti wa kwanza katika Rwanda.

Mtu akitaka ushahidi wa mafundisho yaliyotolewa zamani hizo, na asikilize Kinyarwanda chenyewe. Fundi huitwa umufundi. Tofali huitwa itafari, dirisha huitwa idirishya, msumari huitwa umusumari, na bati huitwa ibati. Nyumba ya kale ya kusukwa haikuwa na tofali, wala dirisha la mbao, wala msumari. Vitu hivyo viliingia nchini pamoja na majina yake, na mwenye kulitamka jina kwanza ndiye aliyekuwa akimwonyesha mwenzake kitu. Kila neno katika hayo ni kumbukumbu ya siku ambayo mtu mmoja alisimama kando ya mwingine akamwambia: hiki huitwa hivi, nacho hushikwa hivi.

Haki yataka tuseme pia habari za wamisionari. Mapadre Weupe walifika Save mwaka 1900, na katika vituo vyao walifundisha vijana kufyatua matofali na kuyachoma, kutengeneza vigae vya paa, kupasua mbao na kujenga. Kanisa kuu la Kabgayi, lililokamilika mwaka 1925, ni kazi ya mikono ya Wanyarwanda waliofunzwa papo hapo kazini. Ufundi wa ujenzi wa nchi hii, basi, umetoka katika mito mingi, na si mali ya kundi moja tu.

Uwanja wa ujenzi ukawa shule

Wabelgiji waliishika Kigali mwaka 1916. Katika miaka ya ishirini mtaa wa Nyamirambo ulipangwa kwa ajili ya watumishi na wafanyabiashara wa Kiswahili, na katika miji mingine pia Waislamu waliwekwa katika mitaa yao iliyoitwa kambi za Waswahili. Mwislamu hakuwa huru kukaa apendapo au kusafiri apendavyo pasipo ruhusa. Na shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, hata mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma aghalabu alitakiwa kwanza aiache dini ya wazazi wake. Wazazi wengi walikataa, na watoto wao wakabaki na chuo cha Kurani peke yake.

Siandiki haya ili kuamsha kinyongo, kwani mambo hayo yamepita. Nayaandika kwa sababu bila ya kuyajua hatuwezi kufahamu kwa nini watu wetu wakawa madereva, mafundi wa magari, washonaji, wachuuzi na waashi. Mlango wa ukarani ulifungwa, wakaingia kwa mlango wa kazi ya mikono. Uwanja wa ujenzi ukawa shule yao, nayo ilikuwa shule isiyouliza jina la mtu wala dini yake. Iliuliza tu kama ukuta umenyooka.

Shule hiyo ilikuwa na madarasa, ingawa hayakuandikwa ubaoni. Kijana alipelekwa na baba au mjomba wake kwa fundi, akakabidhiwa kwa maneno mbele ya watu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuteka maji na kubeba udongo. Kisha alifundishwa kukoroga: udongo mwekundu hukorogwa kiasi gani, saruji huchanganywa na mchanga kwa vipimo gani, na mchanga hujulikanaje kuwa ni safi kwa kuusugua kiganjani. Baadaye alipewa kazi ya kupanga matofali karibu na mkono wa fundi, na huko alijifunza kutazama. Ndipo akashika mwiko, akaruhusiwa kujenga katikati ya ukuta, mahali ambapo uzi umekwisha kuvutwa. Pembe ilibaki ya fundi mwenyewe, kwani pembe ikipinda, ukuta wote hupinda. Siku aliyoambiwa ajenge pembe kwa timazi yake mwenyewe, siku hiyo alijua kwamba amekuwa fundi, na watu wote kazini walijua.

Wako wanaodhani kwamba elimu ya namna hiyo ni elimu ya wajinga. Mwashi asiyejua kusoma alipotaka kupata pembe ya mraba, alipima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikitimia mita 5 sawasawa, alijua kwamba pembe yake ni sahihi. Hiyo ni hesabu, nayo hufundishwa katika shule za sekondari kwa majina makubwa. Vile vile alijua kwamba zege lisiponyweshwa maji kwa siku saba hivi halipati nguvu yake, ingawa hakuweza kutaja sababu. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa historia aliyefariki mwaka 1406, ameeleza kwamba ufundi ni tabia inayoota katika mtu kwa kutenda na kurudia, na kwamba kuuona ukitendwa hufundisha zaidi kuliko kusimuliwa. Mafundi wa Nyamirambo hawakumsoma Ibn Khaldun, lakini walitenda kama alivyosema.

Na dini yetu haikuidharau kazi hiyo. Nabii Ibrahim alipoinua misingi ya Al-Kaaba, mwanawe Ismail alikuwa akimpa mawe; tazama, basi, baba akijenga na mtoto akisaidia, na katika kusaidia kuna kujifunza. Imepokewa pia kwamba msikiti wa Mtume ulipokuwa ukijengwa, alifika mtu kutoka Yamama aliyekuwa hodari wa kukoroga udongo, naye Mtume akaagiza kazi ya udongo aachiwe yeye kwa kuwa aiweza kuliko wengine. Katika habari hiyo mna jambo kubwa: hata kukoroga udongo kuna mwenye kujua na asiyejua, na anayejua apewe nafasi yake.

Mji ulipokua, na mnyororo ulipokatika

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000. Ukafanywa mji mkuu, na mara moja zikahitajika ofisi, nyumba za watumishi, shule, hospitali na barabara. Waashi wa Nyamirambo na Biryogo walipata kazi kuliko walivyowahi kuota. Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, Waislamu wa nchi hii walijiunga katika jumuiya moja, na polepole misikiti na madrasa zikaongezeka. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Kigali ina watu zaidi ya 1,700,000. Hapana mji uwezao kukua hivyo pasipo maelfu ya mafundi, na wengi wao walijifunza kwa njia ile ile niliyoieleza.

Lakini kati ya miaka hiyo kuna mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa watu wa kila kazi, na mafundi wakiwamo. Fundi mmoja anapouawa, haifi roho yake peke yake. Hufa pia kazi ambayo angaliwafundisha vijana kumi baada yake. Katika Kicukiro palikuwa na shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina la ETO, ikiongozwa na mapadre wa Salesiani. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia pale kwa sababu palikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao waliondoka, na watu waliobaki wakauawa, wengi wao katika kilima cha Nyanza kilicho karibu. Mahali palipowekwa ili vijana wafundishwe kujenga pakawa mahali pa maangamizi.

Baada ya hapo nchi nzima ilikuwa kama uwanja wa ujenzi. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, wakimbizi wa zamani walirejea kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, na kila mtu alitaka paa. Walioweza kushika mwiko walikuwa wachache kuliko kazi. Vijana wengi walipanda jukwaani kabla ya kumaliza darasa la udongo, wakaitwa mafundi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hatuwalaumu, kwani haja ilikuwa kubwa. Lakini yatupasa kukiri kwamba mnyororo ulikatika hapo.

Na pale pale Kicukiro penye shule ya ETO, leo kuna chuo cha ufundi ambacho ni sehemu ya Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017. Vijana wafundishwa humo ujenzi, umeme na kazi nyingine nyingi. Sisi tuipitiayo njia ile twaona jambo la kutia moyo: mahali palipojaa kilio panasikika tena sauti ya nyundo.

Mkono na hati

Sasa nafika kwenye jambo linalotukabili. Zamani fundi alijulikana kwa kazi yake, na mwenye nyumba alikwenda kuutazama ukuta wake wa jana. Leo mji una ramani kuu, iliyopitishwa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2020. Kila jengo lahitaji kibali, na kampuni kubwa hutaka kuona hati ya mfanyakazi kabla ya kuona mikono yake. Jambo hili si baya. Mwezi Mei 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mji wa Nyagatare liliporomoka, likaua watu na kujeruhi wengine wengi waliokuwa kazini. Ghorofa si kibanda. Nondo zikipungua au zege likichanganywa vibaya, kosa la mtu mmoja huwa msiba wa nyumba nyingi. Serikali, basi, ina haki ya kuuliza: ni nani huyu anayejenga, na nani alimfundisha?

Lakini huyo mzee ambaye amejenga kwa miaka thelathini, naye hakupata kukaa darasani, atajibu nini? Nawajua katika mtaa wetu wanaume ambao majengo yao hayakupata ufa hata mmoja, nao husimama mlangoni pa kazi asubuhi wakitaja ujuzi wao, kisha wakaingizwa vijana wenye karatasi, na wao wakalipwa ujira wa mbeba mawe. Huo ni uchungu mkubwa. Waliyemfundisha huwa msimamizi wao.

Kwa bahati njema iko njia. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na kazi za mikono, kiitwacho STECOMA, kimekuwa kikishirikiana na mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya nchi hii kuwapima mafundi waliojifunza kazini. Fundi haulizwi alisoma shule gani. Hupewa kazi aifanye mbele ya wapimaji, huulizwa maswali juu ya yale anayoyatenda, na akionekana anaweza hupewa hati inayotambulika. Huko ndiko kuunganisha mkono na hati, wala hakuna aibu kwa mzee kupimwa. Dhahabu haioni haya kutiwa motoni.

Liko tatizo la pili, nalo ni la msaidizi. Katika viwanja vyetu huitwa umuyede, jina lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msaidizi. Zamani usaidizi ulikuwa ngazi ya kwanza ya kupandia. Siku hizi kwa wengi umekuwa ndiyo kazi ya maisha. Kijana, mwanamume au mwanamke, hubeba matofali miaka mitano, na siku ya mwisho hajui kuvuta uzi. Sababu zake zajulikana. Fundi analipwa kwa kazi iliyokwisha, hivyo kufundisha humchelewesha. Tena huogopa kwamba atakayemfundisha atamnyang'anya kibarua. Na mwenye kampuni huona mtu wa kubeba tu, haoni mwanagenzi.

Kwamba jambo hili laweza kuwa vingine, tazameni hospitali ya Butaro katika wilaya ya Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya volkano ya huko huko, mawe ambayo wakulima waliyaona kuwa taabu katika mashamba yao. Wajenzi wake, wanaume kwa wanawake, wengi walikuwa watu wa vijiji vya jirani waliojifunza wakiwa kazini, na kila ukuta waliposonga mbele waliuweka mzuri kuliko uliotangulia. Walipomaliza, hospitali ilikuwa imepatikana na waashi wamepatikana. Kila jengo laweza kuacha vitu viwili hivyo, endapo wenye jengo watakusudia.

Yatupasayo

Ndugu zangu, historia isiyotufundisha la kutenda ni hadithi ya kupoza usiku tu. Mimi naona mambo manne yatupasa.

La kwanza, ahadi ya uanagenzi irudishwe, nayo iandikwe. Sheria yetu ya ijara yataka muda ujulikane, kazi ijulikane na ujira ujulikane. Basi baba na fundi waandikiane mbele ya mashahidi: kijana atafundishwa nini, kwa muda gani, atalipwa nini, na lini atapewa pembe aijenge. Na ujira ulipwe kwa wakati, kwani Mtume ametuamuru tumpe mwenye kazi haki yake kabla jasho lake halijakauka.

La pili, kila msikiti unaojengwa au kutengenezwa uwe na wanagenzi wake. Twatoa sadaka nyingi kwa ajili ya saruji na mabati; si vigumu kuweka sharti kwamba fundi mkuu awafundishe vijana wawili au watatu wa mtaa. Thawabu ya ukuta itadumu, na thawabu ya elimu itaongezeka.

La tatu, Jumuiya iwasaidie wazee kwenda kupimwa. Ada ya kupimwa na siku za kazi anazokosa fundi ni mzigo kwake, lakini si mzigo kwa watu mia wakichangizana. Kadhalika vyombo vya kazi, kama miiko, pimamaji na nyundo, vyaweza kuwekwa wakfu, vikaazimwa wanaoanza.

La nne, habari za mafundi wa zamani ziandikwe maadamu wako walio hai. Ni nani alijenga msikiti gani, nani alimfundisha nani, udongo ulichimbwa wapi. Kwa wanavyuoni twahifadhi silsila ya walimu wao. Haikuwa haki kuiacha silsila ya waashi ipotee kama vumbi la saruji.

Na kwa vijana nasema: msidhani kwamba mwenye mwiko ni mdogo wa mwenye kalamu. Wazee wenu walinyimwa kalamu, wakashika mwiko, nao wakaujenga mji. Nyinyi hamkunyimwa kimoja wala cha pili. Shikeni vyote viwili, na mkishajua, wafundisheni walio nyuma yenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu mafundi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na ajaalie kazi ya mikono yetu iwe imara. Wabillahi taufiki.